Samawati

Alhamisi mashine ni yangu.
Naibeba garini hadi baa ile ya Kemi, nyuma ya kituo cha mabasi,
naunganisha nyaya, napuliza maikrofoni,
na nje theluji inafanya kazi yake bila kuombwa.

Rauno ndiye wa kwanza, kila mara.
Dereva wa basi, sauti kama breki, wala hajali.
Anachagua uleule, wimbo wa Ilpo fundi magari
aliyetunga mmoja tu maishani mwake.
Maneno yanapanda kwenye skrini, yanageuka manjano moja moja:

        Huu ni mwanzo wa wimbo, bado sijasema kitu,
        nangoja gitaa lije, lishike mkono wetu.

Wimbo unaojijua. Unakohoa kabla ya kuingia.
Unatangaza kiitikio kabla hakijafika
kama kondakta anayetaja kituo,
nacho kinafika, na sote tunashuka:

        Mimi wimbo tu, mpenzi, siwezi kubeba kuni,
        dakika tatu nakwisha, baridi i mlangoni.

Mara ya kwanza nilicheka.
Nyimbo nyingine huapa: nitakufa, nitang'oa nyota.
Huu unakiri kwamba hata kuni zimeushinda.
Na watu humwamini anayekiri.
Mimi, kwa sababu hiyohiyo, nikaanza kuutilia shaka.

Karibu na mlango huketi Toini, mjane wa Ilpo,
koti hajavua, bia moja ndogo
anayoinywa kama dawa ya kupimiwa.
Usiku mmoja, nakunja nyaya, akanijia.

"Alikuwa haongei. Ukimuuliza jambo mezani, anapiga mluzi.
Nikamwambia, sema kwa mdomo, usiniimbie.
Akaenda gereji. Akarudi na hicho."
Kidole chake kikaionyesha skrini iliyozimwa.

"Na lile koti."

Nililijua. Beti la pili:

        Ulivaa koti jipya, la rangi ya samawati,
        ukanikuta garini, nimesahau tiketi.

"Lilikuwa la kahawia," akasema.

Nikahesabu kwa vidole, kichwani mwangu:
la rangi ya kahawia. Nane.
Mizani ilikubali. Kina ndicho kilichogoma.

"Kwa ajili ya tiketi," nikasema.
"Tiketi alikuwa nayo! Mfukoni! Niliiona!
Kahawia ina wenzake. Angesema njia.
Angesema gia. Fundi wa magari, miaka thelathini,
akakosa gia?"

Sikuwa na jibu. Nikazima taa za jukwaa,
ambalo ni mbao mbili na zulia.

Alhamisi iliyopita Rauno hakuja, kifua kimembana.
Nikakaribia kuuruka wimbo wake.
Toini akainuka.
Akaishika maikrofoni kwa mikono miwili, chini,
kama mtu aliyekabidhiwa samaki na hana karatasi.

Gitaa likaja. Maneno yakawaka: Huu ni mwanzo wa wimbo.
Hakuimba.
Bado sijasema kitu, ikasema skrini,
na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Wenye bia wakashusha bia.
Kiitikio kikapita kitupu, basi la usiku lenye taa zote.
Ilpo, au mashine, au sijui nani,
akaendelea kutegea pale pa kupumulia.

Koti jipya. La rangi ya.

"Kahawia," akasema Toini.

Hakupaza. Hakuvuta. Alilisema kama unavyomsahihisha mtu
mnayeishi naye, huku unamenya viazi.
Kisha akanyamaza tena, hadi mwisho:

        Hapa ndipo nageuka, sauti ipande juu,
        ndivyo nyimbo zifanyavyo, zikikosa neno kuu.

Gitaa likapanda peke yake.
Likatafuta mtu, likashuka.

Akanirudishia maikrofoni, amekwisha kuifuta kwa leso,
akaenda zake bila kumaliza bia.
Mashine, ambayo haijui lolote, ikamkokotolea alama:
kumi na moja kwa mia.

Neno moja. Si haba.
Nikaiacha iking'aa ukutani
mpaka mwenye baa akaja kuniuliza kama imeharibika.